MAUDHUI AU FANI? JINSI WATUNZI WA VIDEO WANAVYOCHUMA KUTOKANA NA HADHIRA ZAO

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wamefunzwa kwa miaka mingi kuigawa kazi ya sanaa katika mafungu mawili: fani na maudhui. Mgawanyo huo umetetewa na kupingwa mara nyingi, wala si kusudi la makala haya kuufufua ubishi wenyewe. Lililo jipya ni kwamba mojawapo ya maneno hayo mawili limetoka darasani na kuingia sokoni. Mtu anayetunga video, akaitia katika intaneti na kupata riziki kwa kutazamwa, siku hizi huitwa "mtayarishaji wa maudhui" au "mzalishaji maudhui". Jina hilo limekuja kwa njia ya tafsiri, limeenea katika magazeti na redio, na yamkini halitang'oka tena. Walakini kwa sikio la mhakiki jina hilo ladai jambo zito: kwamba mtu huyu huuza ujumbe, na kwamba namna anavyoutoa ujumbe wake ni shauri dogo. Ukichunguzwa utaratibu unaomlipa, hali huonekana kuwa kinyume. Kinachopimwa na kulipwa, kwa sehemu kubwa, ni fani: urefu wa kazi, mwanzo wake, mahali inapokatwa, na namna mtunzi anavyoiita na kuishika hadhira yake.

Jambo hili lawahusu wanafasihi kwa sababu sehemu kubwa ya usimulizi wa Kiswahili unaosikilizwa leo husikilizwa kwa njia hiyo. Visa vya mitaani vya Nairobi, vichekesho vya Dar es Salaam, mawaidha, mashairi yanayoghanwa, yote yamo. Watafiti wa fasihi simulizi wameanza kuyakusanya na kuyanukuu matini hayo kana kwamba yalizaliwa tu kutokana na mapokeo na kipaji cha msimulizi. Kuyachambua bila kujua yamelipiwaje ni sawa na kuichambua hadithi ya gazetini iliyotoka kwa mfululizo bila kujua kwamba mhariri alitaka sura moja kila juma.

Katika maelezo yafuatayo litatumika neno "mtunzi". Yafaa kukumbusha kwamba neno hilo latokana na kutunga, si kutunza, ijapokuwa sauti zake zaweza kumdanganya msomaji; na kama itakavyoonekana, udanganyifu huo wa sauti si wa bure.

NJIA YA TANGAZO

YouTube ilianzishwa Marekani mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikanunuliwa na Google kwa dola bilioni 1.65. Mnamo mwaka 2007 kampuni ilianza kuwagawia watunzi wachache waliochaguliwa sehemu ya fedha zilizotokana na matangazo ya biashara. Mpango huo ulipanuliwa baadaye hata ukafika Afrika Mashariki. Msingi wake ni rahisi. Mtazamaji halipi chochote. Mfanyabiashara hulipa ili tangazo lake lionekane kabla ya video au katikati yake, na malipo hayo hugawanywa: katika video ndefu, mtunzi hupata asilimia 55 na kampuni hubakiwa na asilimia 45. Kwa hiyo mfanyabiashara akitoa dola 100, dola 55 humwendea mtunzi. Hesabu ni wazi, lakini yafaa kutazama ni nini hasa kilichouzwa. Mtunzi hakumwuzia mtazamaji hadithi. Ameukodisha muda wa mtazamaji kwa mtu wa tatu, na hadithi ndiyo kamba iliyomfunga mtazamaji mahali pake wakati biashara hiyo ikifanyika.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza ni muda. Hapo awali mashine inayowapendekezea watu video ilitilia mkazo idadi ya mara ambazo video imefunguliwa, na matokeo yake yalikuwa vichwa vya video vyenye ahadi kubwa na video zenye kutimiza kidogo. Mwaka 2012 kampuni iliuhamisha uzito kuelekea kwenye muda ambao mtazamaji anakaa akitazama. Mwezi wa Januari 2018 ikaongeza sharti la kuingia katika mpango wa malipo ya matangazo: mtunzi awe na wafuasi 1,000 waliojiandikisha, na video zake ziwe zimetazamwa kwa jumla ya saa 4,000 katika miezi 12 iliyopita. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Mwenye kutunga visa vya dakika mbili, vikitazamwa hadi mwisho, ahitaji kutazamwa mara 120,000 ili avuke kizingiti hicho. Mwenye kutunga visa vya dakika kumi atosheka na mara 24,000. Hakuna popote katika hesabu hiyo panapoulizwa kisa chahusu nini.

Kipimo cha pili ni urefu wa kila kazi. Kwa miaka kadhaa video ilipaswa kufikia dakika kumi ndipo iruhusiwe kukatwa kwa tangazo katikati. Mnamo Julai 2020 kiwango hicho kilishushwa kikawa dakika nane. Mtafiti anayelinganisha visa vilivyosimuliwa kabla na baada ya tarehe hiyo hana budi kuliweka jambo hili mbele ya macho yake. Msimulizi anayerudia tukio moja mara tatu, anayetoka nje ya kisa akamweleza jirani wa shujaa kisha akarudi, aweza kuwa anafuata desturi ya kale ya usimulizi, ambayo haikuwahi kuogopa urudiaji. Aweza pia kuwa anazitafuta dakika zake nane. Mara nyingi ni yote mawili kwa pamoja, na ustadi wa msimulizi mwema ni kwamba msikilizaji hawezi kuona mshono ulipopita.

Kipimo cha tatu, nacho ndicho chenye kuvutia zaidi kwa mhakiki, ni mchoro ambao mtunzi huonyeshwa baada ya kazi yake kutazamwa. Mchoro huo una mstari unaoonyesha, nukta kwa nukta, ni sehemu gani ya watazamaji wangali wakitazama. Kampuni humwonyesha hata kiasi cha waliobaki ilipofika sekunde ya thelathini. Msimulizi wa jadi aliiona hadhira yake ikisinzia, akapandisha sauti au akaanzisha wimbo. Mwandishi wa riwaya hakuwahi kujua msomaji wake alikifunga kitabu katika ukurasa upi. Mtunzi wa video apata ujuzi ambao wote wawili hawakuwa nao, lakini aupata kazi ikiwa imekwisha, asiweze kuirekebisha ila katika kazi ijayo. Hivyo fani yake hujirekebisha kutoka kazi moja hadi nyingine, na marekebisho hayo yaelekea zaidi kwenye mianzo.

Mwanzo wa ngano katika Kiswahili wajulikana: "Paukwa!" na jibu "Pakawa!" Fomyula hiyo huyafanya mambo mawili, kuikusanya hadhira na kuitenga dunia ya hadithi na dunia ya kila siku. Video nyingi za visa siku hizi huanza vingine. Kwanza hurushwa kipande cha kilele, labda sentensi mbili za mahali ambapo mlango unavunjwa au siri inafichuka. Kisha simulizi hukatwa. Ndipo huja salamu, jina la mtunzi, na ombi ambalo kila kijana analijua kwa moyo: kusabskraibu, kulaiki, kushea, na kubonyeza kengele. Ndipo hadithi huanza tangu mwanzo wake. Wapo wanaoliona ombi hilo kuwa uchafu ulioganda juu ya sanaa. Hukumu hiyo ni ya haraka. Ombi hilo limekuwa fomyula kamili. Lina mahali pake pa kudumu, lina mizani yake, na kila mtunzi hujitahidi kulitia chumvi yake ili lisichoshe. Vitenzi vyenyewe vimekwisha kupokea viambishi vya Kiswahili bila taabu, na ni vigumu kuona kamati ya istilahi itakayevitoa vinywani mwa watu.

Ikumbukwe pia kwamba mfanyabiashara ana hofu zake. Mwaka 2017 makampuni makubwa kadhaa yaliondoa matangazo yao YouTube baada ya kugundua kwamba yalikuwa yakitokea pamoja na video za chuki na za kigaidi. Kanuni zikakazwa, na video zenye kugusa vita, umwagaji damu au mambo ya aibu zikawa zaweza kubaki hewani huku zikinyimwa matangazo, yote au baadhi. Hapo ndipo maudhui yanapoingia hesabuni, nayo huingia kwa njia ya kukatazwa. Mtunzi halipwi kwa kuwa amesema jambo jema. Hunyimwa kwa kuwa amegusa jambo ambalo muuza sabuni hapendi kukaa karibu nalo. Tafsida, ambayo Waswahili waliitumia kwa ajili ya heshima, imepata kazi nyingine ya mshahara.

Video fupi sana zina utaratibu wao. Tangu Februari 2023 YouTube huyakusanya mapato ya matangazo yanayopita kati ya video fupi katika mfuko mmoja na kuwagawia watunzi asilimia 45 ya fungu lao. Facebook nayo iliwafungulia mlango watunzi wa Kenya mwaka 2024.

NJIA YA TUZO

Si watunzi wote walioridhika na riziki ya tangazo. Mwanamuziki mmoja wa Marekani, Jack Conte, alitumia miezi na akiba yake kutengeneza video ya wimbo, akatambua kwamba fedha za matangazo zingekuwa kidogo mno zikilinganishwa na gharama. Mwaka 2013 yeye na mwenziwe Sam Yam wakaanzisha Patreon, ambako mpenzi wa sanaa humlipa mtunzi kiasi maalumu moja kwa moja, aghalabu kwa mwezi. Jina lenyewe lakumbusha mfadhili wa zama za kale. YouTube ikafuata njia hiyo: mwaka 2017 ilianzisha malipo yanayoambatana na ujumbe wakati wa matangazo ya moja kwa moja, na mwaka uliofuata ikapanua uanachama wa kila mwezi. Katika malipo hayo mtunzi hupata asilimia 70. Mtazamaji akitoa fedha, ujumbe wake hupakwa rangi na kuwekwa juu ya nyingine zote, nao hudumu hapo kwa muda mrefu au mfupi kwa kadiri ya alichotoa.

Mtu wa pwani akisomewa maelezo hayo hatastaajabu. Katika taarabu, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka, akacheza polepole hadi mbele, akamtunza mwimbaji kwa noti. Tendo hilo halikuwa malipo ya tikiti, kwani tikiti ilikwisha kulipwa mlangoni. Lilikuwa kauli. Mtunzaji alikuwa akisema: ubeti huu ni wangu, na fulani aliyeketi pale ajua ninachomaanisha. Fedha zilimfikia mwimbaji, lakini maana yake iliwafikia waliohudhuria. Katika ujumbe uliopakwa rangi mambo ni yale yale: mtoaji hununua kusikika mbele za watu, na mtunzi hana budi kumtaja kwa jina na kumjibu. Hapo kutunga na kutunza, maneno mawili yasiyo na asili moja, hukutana.

TikTok imeupeleka mwenendo huu mbali zaidi. Mtazamaji hununua sarafu za humo ndani kwa fedha halisi, kisha huzigeuza zawadi zenye sura: waridi lina thamani ya sarafu moja, na zipo zawadi za maelfu ya sarafu zinazofunika kioo kizima kwa simba au chombo cha angani. Zawadi hugeuzwa tena kuwa kipimo kingine, na kipimo hicho kuwa fedha za mtunzi, baada ya kampuni kuchukua sehemu ambayo hukadiriwa kuwa karibu nusu. Ugeuzaji huu wa mara tatu wastahili kuangaliwa. Noti ya taarabu ilionekana na kila mtu kuwa ni noti. Mtoaji alijua ametoa ngapi, na mwimbaji alijua amepokea ngapi. Waridi la kioo halisemi bei yake, wala aliyelipa haoni sehemu iliyobaki njiani.

Zaidi ya hayo yapo mapambano, ambapo watunzi wawili hugawana kioo kwa dakika chache, na mshindi ni yule ambaye watu wake wametoa zaidi. Wenye kuisoma historia ya ngoma za beni watakumbuka jinsi vikundi vya Kingi na Scotchi vilivyoshindana mjini Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20, na jinsi mashindano ya namna hiyo yalivyowatoa watu fedha nyingi kwa ajili ya fahari ya kikundi. Tofauti yafaa kuelezwa wazi. Katika beni fahari ilibaki mtaani, na chakula kikaliwa mtaani. Katika pambano la kioo kila upande, ushinde ushindwe, huacha sehemu ya mali yake kwa mwenye uwanja, naye hayuko Mombasa.

Labda hiyo ni sababu mojawapo ya watunzi wengi wa Kenya kuandika nambari ya M-Pesa chini ya kioo. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na kwa njia hiyo tuzo humfikia mtunzi kwa makato madogo. Njia nyingine, kama vile kuuza fulana au tikiti za maonyesho, hazihitaji maelezo. Udhamini ndio wenye neno. Kampuni humlipa mtunzi ili aisifu bidhaa kwa kinywa chake, ndani ya kisa chenyewe, na kwa watunzi wengi huu ndio mshahara hasa. Sifa hiyo ni utungo. Wapo wanaoifunga na kisa kwa werevu hata msikilizaji akacheka kabla hajatambua kwamba ameuziwa kitu. Inapokuwa ni sifa ya michezo ya kamari, inayosemwa na kijana kwa vijana wenziwe, kicheko hicho chastahili kuulizwa maswali.

LUGHA NA BEI YAKE

Swali gumu kuliko yote ni la lugha. Mfanyabiashara hununua matangazo kwa kuchagua nchi, na bei ya watazamaji elfu moja wa Marekani au Uingereza ni kubwa kuliko bei ya watazamaji elfu moja wa Kenya au Tanzania, kwa sababu wanaoshindania kuwauzia bidhaa ni wengi na wana fedha zaidi. Kwa hiyo kisa kile kile, chenye urefu ule ule, kikisimuliwa kwa Kiswahili na kutazamwa Kisumu, Tanga na Bujumbura, humpatia mtunzi kidogo kuliko kingalitazamwa na idadi hiyo hiyo huko Chicago. Isisemwe kwamba Kiswahili chenyewe kimepangiwa bei ya chini. Kinachopangiwa bei ni mahali alipo mtazamaji. Lakini kwa kuwa wasemaji wengi wa Kiswahili wamo mahali penye bei ya chini, matokeo mfukoni mwa mtunzi hayana tofauti.

Hata huo mtazamaji wa ng'ambo ana kodi yake. Tangu Juni 2021 YouTube hukata kodi ya Marekani katika mapato yanayotokana na watazamaji wa Marekani, hata kama mtunzi yuko nje ya nchi hiyo. Mtunzi wa nchi isiyo na mkataba wa kodi na Marekani, nayo Kenya ni mojawapo, hukatwa asilimia 30 ya mapato hayo. Nchini Kenya, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilianzisha kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya kazi za kidijitali kwa wakazi. Pendekezo la kwanza lilikuwa asilimia 15.

Mwezi wa Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na idara nyingi za lugha huiadhimisha kwa makongamano. Mtunzi kijana aliyeketi mbele ya simu yake Eldoret hukabiliwa na swala hilo hilo la hadhi ya lugha kwa sura nyingine: asimulie kwa Kiswahili sanifu ambacho mtu wa Tanga na wa Nairobi wote watakielewa, au kwa Sheng ambayo majirani wataipenda na kuitunza, au kwa Kiingereza ambacho chaweza kumletea mtazamaji wa bei kubwa? Njia ya tangazo humvuta kuelekea kwenye lugha yenye hadhira pana na tajiri. Njia ya tuzo humvuta kuelekea kwenye lugha ya walio karibu, kwa kuwa hakuna amtunzaye mtu asiyemhisi kuwa wake. Mseto unaosikika katika visa vya Nairobi, ambao walimu huusahihisha kwa wino mwekundu, wawezekana kuwa ni jibu la busara kwa mivuto hiyo miwili inayokinzana. Wanaoupangia Kiswahili sera hawajaanza kuliuliza swali hilo kwa namna hiyo.

KUHUSU UNUKUZI

Inapofika kazi ya kunukuu matini hayo kwa ajili ya darasa au tasnifu, desturi iliyoanza kujijenga ni ya kuondoa salamu, ombi la kengele, sifa za mdhamini na shukrani kwa watoaji, ili ibaki "hadithi yenyewe". Desturi hiyo yalingana na ile ya wakusanyaji wa zamani walioondoa viitikio vya hadhira katika ngano kwa kuwa waliviona ni kelele, na hasara yake ni ile ile. Nukuu yenye manufaa ingeonyesha tarehe ya kutolewa, urefu wa video kwa dakika, mahali sifa ya mdhamini iliposemwa, na maneno kamili ya ombi.

Kwa matangazo ya moja kwa moja ugumu waongezeka. Yale ya TikTok kwa kawaida hayabaki wazi kwa umma yakiisha, na anayeyataka hana budi kuyanasa yanapoendelea. Hata yanaponaswa kwa sauti peke yake, majina na zawadi zilizopita juu ya kioo hupotea. Hubaki sauti ya msimulizi anayekatiza kisa mahali pa hatari kabisa, akasema asante kwa mtu ambaye msomaji wa nukuu hamwoni, kwa waridi ambalo halikuandikwa popote, kisha akarudi kwa shujaa aliyemwacha ameshika kitasa cha mlango.